Punguza Wanga, Hasa Usiku

Shangazi yangu anaogopa sindano kuliko lori lililokatika breki. Lori, anasema, utalisikia likija. Sindano inakuja na mtu anayetabasamu.

Ndiyo maana siku nesi wa kliniki alipomwambia kwamba sukari yake imepanda na vidonge vimeanza kuzidiwa, shangazi hakuuliza habari za figo wala macho. Aliuliza, "Mnanichoma lini?"

"Bado, mama," nesi akasema. "Endelea na vidonge, usiruke hata siku moja. Tunakupa miezi mitatu. Sukari ikishuka, tunabaki hivi hivi. Isiposhuka, tunaanza sindano. Tutakufundisha kujichoma mwenyewe nyumbani."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Wengi wanazoea."

Shangazi akanigeukia kana kwamba sheria hiyo nimeitunga mimi. Alikuwa bado amekishika kidole alichotobolewa wakati wa kupimwa. Wakati anatobolewa alikuwa ameimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani, sauti ya pili, na wagonjwa waliokaa kwenye benchi nje wakamwitikia kiitikio.

"Sasa nifanyeje, mwanangu?" akamwuliza nesi.

Nesi alikuwa na watu wengi mlangoni. Akaandika kitu kwenye kadi, akasema haraka haraka huku akimwita mgonjwa mwingine kwa mkono: "Tembea, mama, usikae tu. Na upunguze wanga. Hasa usiku."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyotuletea yote yaliyofuata. Mimi niliyasikia, wala sikuona kitu.

Kwanza niseme tulivyokuwa tunaishi. Shangazi ni dada mkubwa wa baba yangu, mzaliwa wa Mbozi jirani na Misheni, na mpaka leo yumo kwenye kwaya ya akina mama. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nakaa naye Chapwa. Yeye ni mama lishe. Kibanda chake kiko kando ya barabara kuu, pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Zambia, na madereva wakishakaa siku mbili ndani ya kabini wanashuka na njaa ya kutisha. Mimi nilikuwa mbele kidogo, kwenye steshenari, natoa kopi za makaratasi ya forodha. Nilikaa kwenye stuli kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na mimi na stuli tulishaanza kufanana.

Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikatoka na D mbili, moja ya biolojia na nyingine ya Kiswahili. Nazitaja kwa sababu zote mbili zitahitajika humu. Kichwani nilikuwa na ukumbi wangu wa mazoezi, wenye vioo ukuta mzima, na mashine ambazo madereva wangekuja kukimbia juu yake wakisubiri foleni isogee. Mtu anakimbia saa nzima, anashuka, lori lake bado liko pale pale. Niliona ni biashara isiyoweza kufa. Mashine sikuwa nayo hata moja, lakini mahali pa kuweka vioo nilikuwa nishapapima kwa macho.

Shangazi mwenyewe alikuwa haamini kwamba anakula sana. Alikuwa anaonja. Anasonga ugali wa sufuria kubwa, anakata tonge, analichovya kwenye mchuzi wa nyama aone chumvi. Anakata jingine, maharage. Jingine, samaki. Wali nao unaonjwa, tena mara mbili, juu na chini, kwa sababu wa chini huwa na ladha yake. Madereva wakimaliza, anakaa, anajipakulia, anasema, "Tangu asubuhi sijatia kitu tumboni." Na alikuwa anamaanisha.

Basi siku ile, bajaji ya kurudi nyumbani ilipokaribia kufika, shangazi akanigeukia.

"Umesikia alichosema yule binti?"

"Nimesikia."

"Amejuaje?"

"Si amepima, shangazi."

"Kile kimashine kidogo vile kinaonyesha mpaka hayo?"

"Kinaonyesha."

Akatikisa kichwa. "Dunia imefika mbali."

Jioni tukala ugali na dagaa. Shangazi akanyanyuka, akafunga dirisha, akavuta na pazia, akarudi kukaa. Akaegemeza mwili mbele.

"Sasa wanatoka wapi?"

"Kina nani?"

"Hao wanga."

Huku kwetu hilo lisingemshtua mtu. Nyumbani tuna Kinyiha, sokoni tuna Kibemba cha kuombea punguzo, na ngeli za Kiswahili tunazipanga kadiri tunavyopata nafasi. Shangazi huweza kukuambia chai ameiva na mlango amegoma. Lakini lile dirisha lililofungwa, na ile sauti ya chini, ndivyo vilivyoigutusha D yangu ya Kiswahili. Wanga *wanatoka* wapi. Hakuwa anauliza habari ya chakula. Shangazi alikuwa ametoka kliniki akijua kwamba kipimo kimeonyesha nyumba yake ina wachawi, na kwamba serikali inamshauri awapunguze. Hasa usiku.

Nilipaswa kumwambia pale pale. Nilishafungua mdomo. Ila mkononi alikuwa ameshika tonge la ukubwa wa yai la bata, la nne au la tano, linakwenda kinywani, na mimi nikaliona lile tonge na nikaiona ile sindano. Halafu shetani wangu mdogo, ambaye hajawahi kunipungukia, akaamka.

"Wamo kwenye ugali," nikasema.

Tonge likasimama hewani.

"Ugali huu? Niliousonga mwenyewe?"

"Wote. Hata wa jirani, hata wa hotelini. Ndimo wanamokaa."

Akalirudisha tonge kwenye sahani taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu kinacholala. "Na wali?"

"Na wali. Chapati, mihogo, viazi, maandazi, mkate."

"Soda?"

"Soda ndiyo mbaya kuliko vyote."

"Yesu wangu." Akafikiri. "Mboga za majani?"

"Za majani hawaziwezi. Mchicha, figiri, majani ya maboga, kula ushibe. Nyama kidogo, dagaa, samaki, sawa. Parachichi hawaligusi."

"Mayai?"

"Ndani ya yai hawamo, shangazi. Lile limefungwa."

Akaliona hilo lina maana. Akasogeza ugali upande wangu, akavuta bakuli la dagaa upande wake, halafu akaona amenisogezea hatari mtoto wa kaka yake, akaurudisha katikati, akaufunika na sahani, na juu ya sahani akaweka kitabu chake cha nyimbo.

Nataka ieleweke kwamba sikusema uongo hata mmoja. Wanga umo kwenye ugali. D yangu ya biolojia iko wazi kabisa juu ya hilo. Hicho ndicho nilichokuwa nikijiambia kila nikijifunika blanketi usoni nicheke.

Kutembea nako kukapata sababu. Nilimwambia wanga hawampendi mtu anayetembea, wanatoka na jasho, na hilo nalo kwa namna yake ni kweli. Nikatengeneza ratiba ya wiki, nikaichapa pale steshenari kwa wino wa rangi bila kumwomba bosi. Jumatatu mpaka Jumamosi bajaji marufuku. Tunatoka Chapwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tunashuka mpaka barabara kuu, tunafuata foleni ya malori mpaka kibandani kwake, na mimi naendelea mpaka kazini. Jioni tunarudi vivyo hivyo. Wakati wa kuonja, kijiko cha mchuzi tu, tonge hapana. Jumapili ni kanisani kwa miguu.

"Mazoezi, mazoezi," shangazi akalalamika siku ya kwanza. "Wewe umewahi kusonga ugali wa madereva arobaini? Hayo si mazoezi?"

"Hayo ni mazoezi ya mikono. Wanga wako miguuni."

Akakaza kanga kiunoni, akatangulia.

Mimi nami nilikuwa na mpango wangu. Kwa kila kopi moja, kuchuchumaa mara moja. Mashine inapiga mwanga, nashuka. Inatoa karatasi, napanda. Ilikwenda vizuri mpaka wakala mmoja wa forodha alipoleta faili la kurasa sitini, na bosi akaingia akakuta kichwa changu kinazama na kuibuka nyuma ya kaunta. "Umedondosha nini huko chini tangu saa nne?" akauliza. Nikasema pini. Akainama kunisaidia kuitafuta, na tukaitafuta kweli, na tukaipata moja.

Madereva walituzoea. Asubuhi wanapiga mswaki wamekaa kwenye ngazi za malori yao, na Wazambia wanamsalimia shangazi, "Mwashibukeni, bamayo!" naye anawajibu, "Eya mukwai!" bila kupunguza mwendo. Mmoja, dereva Mtanzania mwenye tumbo linalogusa usukani, alikuwa hachoki kutuuliza.

"Mama, leo mnakimbizwa na nani?"

"Wanga!" shangazi anajibu.

"Hata mimi ninao huku, nimewabeba tani thelathini! Ni unga wa mahindi!"

Mimi nacheka mpaka nashika ubavu. Shangazi haoni cha kuchekesha, anamwombea.

Wiki ya tatu gauni la kwaya likaanza kumlegea kiunoni. Anaamka bila kizunguzungu. Anakula mchicha wa karanga na mayai mawili, anapangusa mdomo, anasema ameshiba, na hajafa. Mimi nikajiona daktari. Nikaanza kufikiria kwamba kwenye ule ukumbi wangu niweke na chumba cha ushauri.

Sasa nije kwa jirani, maana bila yeye ningeishia kujisifu.

Kibanda kilichopakana na cha shangazi kilikuwa cha mama mmoja kutoka Isongole, kule Ileje, Mndali, mjane, anayeuza chai na chapati za asubuhi. Yeye ndiye aliyekuwa anafika wa kwanza. Kwa miaka yote niliyowajua, akifika aliwasha moto wake, akachukua kijinga kimoja akauwasha na wa shangazi, ili shangazi akute majiko yameshika. Halafu zinakuja chapati mbili kwenye sahani ya bati nyeupe yenye mstari wa bluu ukingoni, imebanduka rangi sehemu mbili. Sahani hiyo hairudi tupu. Hilo hakuna aliyelitunga, ndivyo watu wanavyoishi. Mchana inarudi na maharage, au kipande cha samaki, au hata nyanya tatu. Kesho inakuja tena na chapati.

Na kutaniana ilikuwa kutwa nzima. "Dada, watu wa Mbozi mnalima kahawa halafu mnakuja kwangu kunywa majani ya chai!" "Na nyie wa Ileje, chapati zenu zina milima kama kwenu!" Macho yao wote wawili yalikuwa mekundu. Ukipika kwa kuni miaka kumi na tano utakuwa nayo na wewe.

Mwanzoni shangazi alizipokea zile chapati, akanipitishia mimi. Siku moja tuko njiani asubuhi, akaongea polepole, kama mtu aliyekaa na hesabu usiku kucha.

"Ugali nimeacha. Wali nimeacha. Soda nimeacha."

"Hongera, shangazi."

"Na kila asubuhi, bila kukosa, kuna mtu ananiletea wanga kwenye sahani."

Nikapunguza mwendo. "Zile ni chapati tu."

"Wewe mwenyewe ulisema wamo kwenye chapati."

"Nilisema, lakini…"

"Lakini nini?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Lakini kliniki ilikuwa bado wiki tano, na nilijua nikimwambia wanga ni neno tu la chakula, atacheka, atatukana, na mchana ule ule atasonga ugali ale kwa hasira ya wiki zote. Nikaiona ile sindano. Nikasema, "Lakini za kwake ni ndogo."

Mchana ule sahani ya bati ilirudi tupu. Imeoshwa, imekaushwa, tupu. Mama wa Isongole aliipokea, akaigeuza, akaangalia na chini yake.

Kesho yake chapati hazikuja. Ila moto wa shangazi tulikuta umewashwa, kama siku zote.

"Unaona?" shangazi akaninong'oneza. "Chapati nimezikataa, bado anaingia jikoni kwangu. Anatafuta nini?"

Akanunua kufuli.

Jumapili baada ya ibada akina mama wa kwaya walikaa kunywa chai, na viazi vitamu vikapitishwa kwenye ungo. Shangazi akanyanyua mkono. "Mimi hapana. Kliniki wamenikataza. Naepuka wanga."

Ungo ukasimama. Aliyevileta viazi alikuwa hajui acheke au alie. Mwingine, mwenye sikio zuri kuliko sauti, akasogeza kiti. "Wanga? Kliniki ndiyo wamekwambia?"

"Kipimo kimeonyesha."

"Wanatokea wapi?"

Na shangazi, ambaye hasemi uongo, akajibu alichoamini. "Walikuwa wanakuja na chapati."

Nilikuwa nimekaa nyuma yake na kikombe mkononi. Nilikuwa nataka kucheka na nikakuta kicheko hakipo.

Kufikia Jumatano nilikuwa nachota maji bombani, na mwanamke nisiyemjua alikuwa anamwambia mwenzake, "Yule wa chapati? Hujayaona macho yake yalivyo mekundu?" Mwenzake akasema, "Eti eeh," akachukua ndoo yake, akaenda. Ni hivyo tu. Lakini mkoani kwetu sote tunajua maneno ya namna hiyo yanaanzaje na yanaweza kufika wapi kwa mwanamke mtu mzima anayeishi peke yake. Mchana nilipita kibandani kwake. Chai ilikuwa inachemka yenyewe. Madereva wa kigeni walikuwepo, wenyeji hawakuwepo. Alikuwa amekaa ameishika ile sahani ya bati, anaisugua kwa majivu mahali palipobanduka, kana kwamba kosa lilikuwa hapo.

"Mwanangu," akaniambia, "shangazi yako nilimkosea wapi? Wewe unakaa naye. Niambie tu, nikaombe radhi."

Nikasema sijui. Ukiacha ile pini ya bosi, huo ndio uongo pekee niliosema katika habari hii yote, na ndio mpaka leo unanichoma.

Kesho yake asubuhi nilimwambia shangazi. Nilichagua njiani, katikati ya malori, kwa sababu njiani hakuna mwiko wa kunipigia.

"Shangazi, wanga si watu."

"Najua. Wana umbo la watu tu."

"Hapana. Wanga ni kitu kilichomo kwenye chakula. Kinachogeuka sukari mwilini. Nesi alikuwa anasema upunguze ugali, basi. Ni neno la shuleni. Hakusema habari ya wachawi. Hakuna mchawi yeyote. Mama wa Isongole ni mama wa Isongole, na bombani wameshaanza kuyasema macho yake. Nilijua tangu siku ya kwanza, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka uache matonge. Nisamehe."

Aliendelea kutembea. Tukapita lori moja, la pili, la tatu.

"Tangu siku ya kwanza," akasema.

"Ndiyo."

"Nilipofunga dirisha."

"Ndiyo, shangazi."

Hakunipiga wala hakunitukana. Alikaza kanga, akaongeza mwendo. Nami nikaongeza. Akaongeza tena. Mwanamke mwenye miaka hamsini na sita, kandambili miguuni, akaniacha. Nilianza kukimbia, begi linanipiga mgongoni, na yule dereva wa tumbo akasimama kwenye ngazi yake na mswaki mdomoni. "Leo ni binti anayemkimbiza mama?"

"Leo ananikimbia mimi!" nikamjibu, sina pumzi.

Hayo ndiyo yalikuwa mazoezi yangu bora ya wiki.

Nilipofika kibandani, kufuli lilikuwa limeshafunguliwa na shangazi alikuwa mbele ya kabati lake la vyombo. Alitoa sahani yake ya udongo yenye maua waridi, ambayo hutoka mchungaji akija tu. Akakaanga mayai manne. Akakata parachichi, akalipanga pembeni, akanyunyiza chumvi. Sahani ya bati hakuwa nayo, alishairudisha. Akaibeba hii ya maua kwa mikono miwili, na hakupita nyuma kwenye uchochoro kama walivyozoea. Alipita mbele, barabarani, machoni pa madereva, na pa wale wa bombani waliokuwa wanapita na ndoo, na akamwita jirani kwa sauti ya pili ya kwaya, ile inayofika mpaka madhabahuni.

"Dada! Dada yangu! Nimekuja, unifukuze!"

Mama wa Isongole akatoka na unga mikononi. Akaitazama sahani. "Leo ina kitu," akasema.

"Mimi ni mjinga, dada. Kliniki waliniambia nipunguze wanga, nikajua ni wewe."

Mimi nilisimama kando nikaacha kuhema.

"Wanga?" mama wa Isongole akauliza. "Wa chakula? Ule wa darasa la tano, wanga na protini?"

Shangazi akanigeukia polepole sana. "Kumbe hata yeye anajua."

"Miaka yote najua! Nikadhani umezichoka chapati zangu, kumbe umenichoka mimi!" Akawa anacheka, halafu machozi yakatoka, akayafuta kwa kiwiko kwa sababu ya unga, akabaki na unga puani. "Mnyiha wewe! Yaani ningekuwa mwanga ningeanza na mtu anayeniletea nyanya tatu?"

Wakaketi kwenye benchi moja. Mayai yakaliwa kwa mikono kutoka sahani moja, mbele ya kila aliyetaka kuona. Halafu jirani akamega chapati ya moto katikati, akampa nusu. "Haya, kula. Nione kama tumepatana kweli."

Shangazi akaitazama ile nusu, akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza tangu lori la tatu. Nikaonyesha kwa vidole viwili: kidogo.

"Nimegee robo," akamwambia. "Nipe mtoto wao mmoja. Wakubwa siwawezi."

Adhabu yangu ilikuja Jumamosi, imeandikwa. Shangazi aliomba karatasi steshenari kwangu, akaniandikia ratiba kwa mkono: Jumatatu kuchota maji ya vibanda vyote viwili, Jumanne kupasua kuni, Jumatano kuosha masufuria, Alhamisi kusugua sahani ya bati mpaka ing'ae, Ijumaa kubeba gunia la mkaa. Jumamosi kusonga ugali wa madereva arobaini, peke yangu, na mwiko wenye urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Dakika tano tu mikono ilikuwa inatetemeka, na wao wawili wamekaa kwenye benchi wananihesabia kwa pamoja, Kinyiha huku, Kindali kule. "Ule ukumbi wako wa mazoezi," shangazi akasema, "vioo tu ndivyo vimekosekana."

Jumapili alikwenda kwa akina mama wa kwaya na jirani yake mkononi, akasimama kabla ya viazi vitamu na akasema yote, na la kwangu akalisema. Waliomcheka walimcheka. Wale wa bombani aliwafuata nyumbani mmoja mmoja, kwa miguu. Alisema hiyo nayo iandikwe kwenye mazoezi. Siwezi kusema kila neno lilirudi mdomoni lilikotoka, maana maneno hayana kamba. Lakini asubuhi wenyeji walirudi kwenye chai, na moto wa shangazi ukawa unawashwa tena na jirani, aliyepewa ufunguo wa kufuli.

Jambo nililoliogopa halikutokea. Nilidhani akishajua, atarudi kwenye matonge. "Nimeshayazoea mayai," alisema. "Na siku hizi napanda ngazi za madhabahu bila kushika ukuta. Ungeniambia hivyo mwanzoni, ningekuelewa."

"Ungenielewa kweli?"

Akafikiri kwa haki. "Hapana. Lakini ungeniambia."

Miezi mitatu ilipotimia tulikwenda kliniki kwa miguu, watatu, na mama wa Isongole alikuja kumshika mkono wakati wa kutobolewa kidole. Shangazi akaanza wimbo wake. Alifika katikati ya ubeti tu, kipimo kikalia. Nesi, yule yule, akakitazama, akafungua kadi, akalinganisha, akatazama tena. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza.

"Mama, imeshuka. Imeshuka vizuri sana. Vidonge endelea navyo, kliniki usikose. Sindano haina haja sasa hivi."

Shangazi akafumba macho. Jirani akampiga begani mara mbili, halafu akasahau kuondoa mkono.

"Wengi nawaambia, hawafuati," nesi akasema, akiandika. "Wewe umefanyaje?"

"Ulivyoniambia," shangazi akajibu. "Nimepunguza wanga."

"Wote?"

Shangazi akanyanyuka, akakaza kanga yake, akanitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Amebaki mmoja," akasema. "Huyu nakaa naye nyumbani."